Platine ya Pikipiki Kuukuu

Jumanne, 1 Julai 2025
Imefika! Pikipiki, Yamaha AG ya zamani, kutoka kwa mkulima wa Rugaaga. Kuku walikuwa wakilala juu yake. Nimempa mbuzi wangu wawili, tukabadilishana. Jirani yangu Viviane kacheka hadi kashika mbavu — mbuzi wazima kwa chuma kibovu! Acheke. Mume wangu Herménégilde alikuwa fundi wa pikipiki kule kwetu Uvira, Kongo. Miaka sita hapa kambi ya wakimbizi Nakivale hajashika spana, hafiki hata sokoni, anakaa tu mlangoni. Leo aliizunguka mara tatu. Hakuigusa. Lakini aliizunguka!

Alhamisi, 3 Julai
Kaifungua. Cheche hakuna. Ameniletea kipande kidogo kiganjani, kimeliwa chote: platine. Ndiyo inayokata umeme ili buji itoe cheche ya kuwasha injini.
"Hii haipatikane tena, Mama Bienfait."
Nikasema twende mjini Mbarara tukatafute. Akatazama chini.
"Fasi ya bantu mingi vile, siwezi."
Penye watu wengi hawezi. Basi nitakwenda mimi.

Jumamosi, 5 Julai
Mbarara. Miguu inawaka! Maduka saba. Nasema platine, wananitazama kama nimeomba samaki. Kumbe huku ni "pointi". Duka la mwisho, dada mmoja, Rehemah, anauza spea za boda za siku hizi tu. Lakini alichukua kipande changu akampelekea baba yake nyuma ya duka. Mzee Hamim. Macho yamefifia. Akakipapasa kwa kidole gumba, akatabasamu.
"AG! Nyabo, mama, hii kitu umetoa wapi?"
Akavuta kopo la maziwa ya unga, akachambua vyuma kwa vidole — akatoa mpya, bado imo kwenye karatasi yake ya mafuta! Lakini hakuiachia. Nani ataifunga? akauliza. Mume wangu, nikasema. Anaijua? Anaijua. Basi akaniambia ana AG yake imelala uani, na mafundi waliokuwa wakiziweza wamekufa wote.
"Chukua pointi. Lakini bwana yako akuje hapa atengeneze yangu. Akuje yeye mwenyewe."
Nikasema ndiyo. Haraka mno.

Jumapili, 6 Julai
Nimempa Herménégilde platine. Aliishika kama yai. Ahadi niliyotoa sijamwambia. Furaha yake imenifunga mdomo.

Jumatano, 9 Julai
Alitaka karatasi nyembamba ya kupimia nafasi ya platine. Akakata kona ya daftari hili — ona! Nene mno. Viviane akaleta karatasi ya sigara ya mumewe. Herménégilde akapiga kiki. Mara ya tano — ikawaka! Moshi, kelele, mtaa mzima nje. Viviane anapiga vigelegele, yeye aliyenicheka! Na Herménégilde akacheka pia. Nilikuwa nimesahau lile jino lake lililopinda.
Hapo hapo nikamwambia habari ya Mzee Hamim.
Akazima. Akaingia ndani.

Ijumaa, 11 Julai
Pikipiki hajaigusa. Sikupaswa kuahidi kwa mdomo wake, najua. Jioni, katikati ya maharage, akauliza: ile AG ya mzee ni ya mwaka gani? Sijui.
"Unafika kwa mutu, anakuelezea moto yake, hata hauulize mwaka!"
Kanifokea, kwa ajili ya pikipiki! Nalala na furaha.

Jumamosi, 12 Julai
Asubuhi. Amenyoa ndevu. Spana amezifunga kwenye kitenge changu kipya — kipya! Kauliza kama kuna vizuizi vingi vya polisi njiani. Kama mzee ataelewa Kiswahili chetu. Nikasema ataelewa chuma.
Sasa yuko barabarani, injini inanguruma, miguu yote miwili chini. Anatazama upande wa Mbarara. Anatazama nyumba. Anasogea mbele kwenye kiti, namwona kutoka hapa mlangoni.
"Mama Bienfait! Panda!"
Naandika nimesimama, kiatu kimoja mguuni. Anaita tena. Hajazima.