Somo la Kwanza la Majasusi

Garissa, Jumamosi

Filamu tuliyoitazama leo, inayohusu mafunzo ya majasusi wapya, imeninyima utulivu. Somo lao la kwanza ni kuwadanganya wazazi, na binti yangu Hodan ameomba kazi hiyohiyo.

Mwanagenzi mmoja alipomnyemelea mtu sokoni, Hodan aliangua kicheko, akanigeukia mimi babake. "Aabo, huyu hapa Garissa angesalimiwa na kuulizwa ukoo wake kabla hajavuka barabara!"

Nilimuuliza kama atanieleza akichaguliwa.

"Nitakwambia nimepata ualimu Modogashe."

Naogopa, sikatai. Hata hivyo, siku atakayoniletea habari hiyo nitampongeza, nimnunulie boksi la chaki, na mama yake nitamwambia, bila kupepesa macho, kwamba mtoto wetu ni mwalimu.