Moyo wa Nshoma

Jumatatu, 10 Machi
Zamu ya asubuhi, chumba cha dharura. Mitungi ya oksijeni imebadilishwa. Mvua. Nimechoka hata kabla ya kuanza.

Saa nne ikaingia bodaboda kutoka Kabungu. Binti wa kama miaka ishirini, Nshoma, kashikiliwa na mama mkwe wake. Usingizi mzito. Mdomo mkavu, mboni za macho zimetanuka, mapigo yanakimbia. Mama mkwe akasema malaria. Kipimo kikakataa.

Nikamwambia huyo mama, "Mayu, sitafuti wa kumlaumu. Amemeza nini?"

Akalia. "Vidonge vyangu vya ganzi ya miguu. Amezika mtoto mwezi uliopita. Tangu hapo hasemi na mtu."

Amitriptilini. Ikizidi kipimo, huua kupitia moyo. Tukapima: mawimbi ya moyo yamepanuka vibaya. Hapohapo degedege. Tukaituliza kwa sindano. Daktari akaagiza bikaboneti, dawa ya kuukinga moyo na sumu hiyo. Nikaisukuma kwenye mshipa, macho kwenye skrini.

Mawimbi yakaanza kuwa membamba. Palepale, mbele yangu. Nilisoma jambo hili chuoni, sikuwahi kuliona. Mungu wangu.

Jumanne, 11 Machi
Mbaya. Bado hajaamka, mashine inampumulia. Asubuhi mawimbi yakapanuka tena, presha ikashuka. Bikaboneti tena. Yakarudi. Mchana tena vilevile. Chupa zikakaribia kuisha, hospitali ya misheni ikatuletea nyingine.

Naogopa. Mama mkwe yuko nje kwenye benchi, hajala.

Jumatano, 12 Machi
Mawimbi membamba tangu alfajiri. Mpira wa kupumulia umetolewa. Amefungua macho, akaomba maji. Sauti inakwaruza.

Nilienda stoo nikasimama tu. Moyo mdogo vile, umepigwa hivyo, na bado unadunda.

Ijumaa, 14 Machi
Amehamishiwa wodini. Mshauri wa afya ya akili amekaa naye muda mrefu, atamwona tena Jumatatu. Vidonge vya mama mkwe tutamtunzia sisi, atakuwa anachukua vichache vichache.

Nimempitia baada ya zamu. Mama mkwe alikuwa anamsuka. Nshoma akasema, "Aliitwa Milembe." Nyumbani hakuna aliyekuwa anathubutu kulitaja jina la mtoto.

Mikono ya mama mkwe ikasimama. Kisha naye akasema, taratibu, "Milembe."

Akaendelea kusuka.