Simu ya Kijiji Pale Kichuguuni

MAELEZO YA SHAHIDI – POLISI HANDENI
Jina: Mwanaidi Mdoe. Umri: miaka 43. Kazi: kuuza chai na maandazi. Makazi: kijiji cha Kwedimbago, Handeni.

Mnamo tarehe 11 Machi 2004, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye biashara yangu karibu na kichuguu. Hapo tu ndipo simu inashika mtandao kijijini kwetu. Simu yenyewe ni ya kijiji, ililetwa na mradi ili wakulima tuulizie bei ya mahindi Korogwe. Mtunzaji wake ni Adamu. Huwa anachomoa betri na kuitia mfukoni mwa shati, chaji isiishe.

Alikuja Lekakeny, mfugaji, anakimbia. Alisema mke wake, Nkasiogi, ameshindwa kujifungua tangu jana, anaomba gari la hospitali. Mwezi uliopita ng'ombe wake waliingia shamba la Adamu, na Adamu hakuwa amesamehe. Alimpa simu bila betri, akamwambia, "Panda juu, sema kwa nguvu. Ukisikia kimya, ujue gari limeshatoka."

Lekakeny alipanda, akapaza sauti, akataja jina la mkewe na barabara watakayosubiri. Watu walishika mbavu. Nilicheka na mimi, sikatai. Alishuka amefurahi. "Kimya kabisa," alisema. "Ahsante sana, mzee Adamu." Akaondoka mbio.

Nilimwambia Adamu, "Basi sasa piga." Akasema, "Mahindi yangu yalipoliwa, nilimpigia nani?" Akaagiza chai.

Kesho yake asubuhi Lekakeny alirudi peke yake, shuka lina damu. Alisema mkewe amefia kando ya barabara, mtoto yumo tumboni. Hakugomba. Aliomba simu awaambie wenye gari wasijisumbue tena. Adamu akampa vilevile, bila betri.

Hapo roho iliniuma, nikasema, "Lekakeny, hiyo haisemi bila betri, na betri iko mfukoni mwake. Hata jana ilikuwa humo."

Alimpiga Adamu rungu moja la kichwa, Adamu akaanguka chini. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Tulitoa betri mfukoni mwa Adamu, tukapiga hospitali. Gari lilifika kabla ya adhuhuri. Lekakeny hakukimbia. Alikuwa amekaa pale pale, akalitazama mpaka liliposimama, akaniuliza, "Mama, kumbe huwa linakuja?"



Nimesomewa niliyoyasema na ndivyo yalivyokuwa. Haya ndiyo maelezo yangu, sina la kuongeza.

Sahihi: Mwanaidi Mdoe (dole gumba)

Yameandikwa nami, Koplo Stefano, 12 Machi 2004, saa kumi jioni. Simu na betri vimepokelewa kama vielelezo. Simu inafanya kazi.