Bunduki Yenye Nundu

Ibra, Oman. Ijumaa, 5 Machi 2004

Nizwa tena. Kila Ijumaa ya mwanzo wa mwezi naondoka Ibra baada ya sala ya alfajiri, nashika njia ya Sinaw, nanunua mbuzi mnadani na halua ya baba, narudi kuwahi sala ya Ijumaa. Leo sikununua mbuzi.

Nilipita upande wa wauza bunduki kukimbia jua tu. Wazee wamekaa chini, kila mmoja na zake juu ya busati. Za vita vya zamani, zenye fedha kitakoni, za kuchezea harusini. Katikati moja isiyofanana na zote. Ya marisau, ya Kibelgiji, mgongo umeinuka nyuma kama nundu ya ng'ombe. Ile inayojipakia yenyewe. Risasi tano, kazi yako kuvuta kidole.

Miguu ilikataa kwenda. Baba alikuwa na kama hiyo hiyo, kule Nzega, Tanganyika, nilipokuwa mtoto.

Muuzaji ni Mzee Hilali, mzaliwa wa Kigoma. Alinisikia nikisema "nundu" peke yangu, akanijibu kwa Kiswahili. Ni ya kabla ya vita vya Hitla, anasema. Hamuuzii mtu asiye na rukhsa ya polisi. Nimerudi mikono mitupu. Hata halua nimesahau.

Jumamosi, 6 Machi

Kazini. Nimepiga mihuri barua za asubuhi nzima bila kuzisoma.

Nzega haitoki kichwani. Duka la baba, magunia ya karanga mpaka darini, mafuta ya taa. Na Jumapili. Baba alikuwa akifunga duka, anatoka na Kasanda kwenda bwawani nje ya mji. Kasanda alikuwa Mnyamwezi, mwindaji, hodari wa kusoma nyayo. Baba ana bunduki yenye nundu, Kasanda ana gobori lake la kushindilia. Wakirudi, kanga wamening'inia kwenye usukani wa baiskeli. Mama anawapika kwa karanga. Shati la baba linanukia baruti. Kwa miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo harufu ya wanaume wote wakiwa na furaha.

Sasa baba ana miaka themanini na moja. Anakaa majlisi, chumba cha wageni, televisheni inawaka, sauti ameizima. Hajacheka tangu mama afariki. Nataka kumwona ameishika ile bunduki. Basi.

Jumanne, 9 Machi

Polisi. Fomu, picha, cheti cha mwenendo. Afisa kijana aliniuliza naitakia nini. Nikamwambia kumbukumbu. Akaandika "mapambo".

Mke wangu Zuwena hapendi. Kasema maneno matatu tu: nyumba ina wajukuu. Nimemwambia itafungiwa kabatini, na risasi hazitaingia humu.

Ijumaa, 12 Machi

Nimekwenda Nizwa kuiangalia tu. Nimekuta mtu wa Sur, tajiri wa boti, ameishika. Amekuja na rukhsa mfukoni.

Mzee Hilali hakumkatalia, hakumkubalia. Alimuuliza risasi ya kwanza inaingizwa wapi. Yule hakujua. Mzee akanigeukia mimi. Mikono yangu ilionyesha yenyewe, upande wa kulia, mlango mdogo, kidude cha chini kinabonyezwa, ingawa sijawahi kuruhusiwa kuigusa hata siku moja. Nilikuwa nikimtazama baba tu, mlangoni.

Ameniwekea bunduki wiki moja. Mtu wa Sur ameondoka bila kuaga. Nimefurahi kupita kiasi. Aibu kidogo.

Jumatano, 17 Machi

Rukhsa imetoka. Nimeikunja mara mbili, nimeiweka ndani ya msahafu wa mama. Halafu nimeona si vizuri, nimeitoa.

Ijumaa, 19 Machi

Nimeinunua.

Mzee Hilali aliifuta kwa kanzu yake mwenyewe kabla ya kunipa. Kasema ilikuwa ya kaka yake, waliitoa Kigoma, wakaja nayo huku kwa meli. Kaniomba nisiikate mtutu wala nisiipake rangi. Nikaahidi. Alipogeuka niliona anajifuta macho, nikaondoka upesi nisimuaibishe.

Njiani nilipita Firq, kwenye karakana za viwandani. Fundi mmoja Mhindi kaniwekea springi mpya na kusafisha kutu. Kaijaribu bila risasi, kaukandamiza mtutu kwenye benchi. Mtutu wote ulirudi nyuma, ukaenda mbele. Klak-klak. Mlio ule ule. Nilikaa garini muda mrefu kabla ya kuwasha injini.

Kesho nampelekea baba.

Jumamosi, 20 Machi

Vibaya.

Niliingia kwa baba majlisi baada ya sala ya laasiri, bunduki imefungwa shuka. Nikaifungua miguuni pake. Nilikuwa natabasamu kama mpumbavu.

Aliitazama. Hakunyoosha mkono. Akasema, "Itoe humu."

Nikadhani hajaiona vizuri. Nikaanza kumweleza. Akarudia neno lile lile, kwa sauti ya Nzega, sauti ya dukani, ambayo sijaisikia miaka thelathini. Nikaitoa.

Jumapili, 21 Machi

Baba hakula. Si asubuhi, si mchana. Zuwena kampelekea uji, kaurudisha kama ulivyo. Zuwena kaosha bakuli, kaenda zake. Afadhali angenigombeza.

Nimekasirika. Nimemtafutia zawadi ya maisha yake na ananitazama kama nimemletea maiti. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Jumatatu, 22 Machi

Kaniita mwenyewe. Kaniambia nifunge mlango. Naandika kama alivyosema, nisije nikayapamba baadaye.

Ilikuwa Jumapili, mwaka niliotimiza kumi na mbili. Kasanda alizunguka upande wa pili wa bwawa kuwafurusha kanga kwenye majani. Kanga wakaruka. Baba akapiga. Mmoja akaanguka.

"Ya kwanza ilikuwa ya kanga," alisema. "Ya pili kidole kilikwenda chenyewe."

Ya pili ilimpata Kasanda. Marisau mkononi na usoni. Jicho la kushoto likapotea. Baba alimbeba kwa baiskeli hadi hospitali. Polisi walipokuja, kabla baba hajafungua mdomo, Kasanda akawaambia ni gobori lake mwenyewe limempasukia. Akashikilia hivyo hivyo. Baba akanyamaza. Alikuwa na duka, ana watoto, alikuwa Mwarabu katika miaka ile. Akanyamaza.

Baada ya mwezi aliipeleka bunduki serikalini. Sisi tuliambiwa risasi zimeadimika na Kasanda amehamia kwao. Kweli alihamia. Kwa nini alihamia hatukuuliza.

Mwaka 1973 tulipohama Nzega, baba hakwenda kumuaga. Alitoka mpaka nusu ya njia, akarudi.

Nilimuuliza kwa nini hakusema kweli hata baadaye. Akajibu kwamba kila mwaka ilikuwa rahisi zaidi kutosema. Halafu akalia. Sikuwahi kumwona baba analia, hata kaburini kwa mama.

Jumanne, 23 Machi

Sikwenda kazini. Kichwa kinauma.

Nimekaa na Jumapili zangu zote, moja moja. Kanga, karanga, shati. Sijui nizifanye nini. Nikizitazama bado ni nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi.

Alhamisi, 25 Machi

Nimempigia binamu yangu Suleiman, aliyebaki Tabora na biashara ya asali. Nimemuuliza kama anaweza kumtafuta mtu wa Nzega, Kasanda, mwindaji, jicho moja. Sikumwambia baba. Nilidhani nitaambiwa kaburi liko wapi.

Jumanne, 30 Machi

Suleiman kapiga. Kasanda yu hai. Yuko kijijini kwao, anafuga nyuki, na wajukuu wana simu ya mkononi. Anaikumbuka nyumba yetu. Kauliza hali ya mama.

Nimemwambia baba baada ya chakula. Aliisukuma sinia kando. Kasema hatazungumza. Kasema atazungumza akisema nini? Baada ya saa moja kaniuliza kule sasa ni saa ngapi.

Ijumaa, 2 Aprili

Tumepiga asubuhi. Baba alikuwa ameoga, amevaa dishdasha mpya na kilemba, kama anayekwenda kwa liwali. Nilibonyeza namba, nikampa, nikataka kutoka. Akanishika mkono nibaki.

Alianza kwa salamu ya Kinyamwezi. "Mwangaluka." Nilidhani amekisahau. Kisha Kiswahili. Akasema jina lake. Akasema, "Ni mimi niliyekupiga, Kasanda. Nimechelewa kusema." Halafu akasikiliza.

Sikusikia ya upande wa pili, ila baba kanisimulia. Kasanda alisema alijua siku zote, maana alikuwa anamtazama. Alisema alidanganya kwa sababu angemwona baba gerezani na watoto wadogo dukani, na jicho lisingerudi. Alisema jicho halikumuumiza kama kule baba kuondoka bila kumuaga. Hilo lilimuumiza sana, na bado. Kasanda hakulipunguza makali.

Baba akasema, "Una haki." Mara mbili.

Kisha wakazungumza mengine. Bwawa limekauka. Nani amekufa, nani yupo. Baba akamwambia, "Mwanangu mjinga amenunua bunduki kama ile." Kutoka kwenye simu nikasikia kicheko, cha mzee, chenye kikohozi ndani. Kasanda kauliza kama bado inapiga bega. Na baba akacheka. Baba yangu akacheka, machozi yanamtiririka ndevuni.

Salio likaisha katikati ya neno.

Nimeuliza nifanye nini na bunduki. Nilikuwa tayari kuirudisha kwa Mzee Hilali kesho. Baba kasema iache kabatini. Hataki kuiona, lakini iwepo.

Jumamosi, 3 Aprili

Kazini. Siku tulivu. Joto limeanza.

Saa tano baba kapiga simu ofisini. Hajawahi kunipigia ofisini. Nilishituka, nikadhani ameanguka.

Hakuwa na shida. Alitaka kuniambia kwamba Kasanda ni mkubwa wake kwa miaka mitatu. Kwamba wametembea pamoja miaka kumi na moja na hakuwahi hata siku moja kumwamkia shikamoo. Yeye baba ndiye aliyekuwa akiamkiwa na Kasanda.

"Jana pia nimesahau," alisema.

Kisha akauliza kama Ijumaa tutapiga tena. Nikamwambia tutapiga.