Kiti Chekundu cha Mama

Singida Mjini, 4 Machi 2023

Dada Raheli,
Shikamoo. Hamjambo hapo Mungaa, na macho ya mama je? Mimi nimesimama imara kama nguzo ya umeme.

Msomee mama kwa sauti, maana anasema ujumbe wa simu hauna harufu ya mtu. Kiti chake cha msonobari kimekwisha, kimebaki rangi tu. Mwambie fundi wake kafanya kazi Tabora, Dodoma mpaka Dar, na darasa la saba niliacha kwa sababu lilikuwa halinitoshi! Nimenunua rangi za unga tano, zote nyekundu, zote zinagombana. Hii chungwa, ile damu ya mbuzi. Nawaza.

Mdogo wako, Chediel

Mungaa, 19 Machi

Mdogo wangu,
Marahaba. Wazima, isipokuwa mama. Jicho la kushoto limefunga. Daktari anasema presha ya macho ikifika hapo, kuona hakurudi. La kulia halivuki mavuno.

Mama anasema achana na unga. Chemsha magome ya mgunga kwenye chungu, upake mara tatu. Ndivyo bibi alivyopaka vigoda vyake. Anasema katika maisha yake hajaona hata kitu kimoja kilichotoka mikononi mwako. Anataka akione, siyo akipapase. Wahi.

Dada yako, Raheli

Singida Mjini, 30 Aprili

Dada,
Shikamoo, na mama pia shikamoo yake. Magome! Fundi wa hadhi yangu nipike magome kama mganga? Nimemwagiza Manji wa dukani aniletee unga kutoka Dar. Subirini. Nikipaka huo, hata kipofu ataona!

Chediel wenu

Mungaa, 12 Mei

Chediel,
Ule utani wa kipofu niliusoma kwa sauti kabla sijauona unakuja. Mama alicheka. Kisha akaniuliza mbona sijawasha taa. Ilikuwa saa sita mchana.

Raheli

Singida Mjini, 20 Mei

Dada yangu,
Shikamoo. Unga sikuusubiri. Nilibandua magome mwenyewe, nikachemsha, nikapaka mara tatu. Kiti kimetoka cheusi, dada. Cheusi kama sufuria ya msibani.

Chungu sikuwa nacho, nikatumia debe lenye kutu. Mzee mmoja mtengeneza ngozi kaniambia kutu na mgunga vikikutana huzaa weusi, kila mpika magome anajua. Mimi wa Dar sikujua. Nimepiga msasa mpaka mbao zimekonda. Weusi umeingia ndani. Nimempa kondakta wa basi hicho hicho awaletee. Mwambie mama ni chekundu. Nakusihi.

Mdogo wako

Mungaa, 28 Mei

Mdogo wangu,
Marahaba. Kiti kimefika. Mama alikipapasa miguu yote, akakikalia, akauliza rangi. Nikasema chekundu. Akafurahi, akataka majirani waje kuona. Walikuja sita, nikawakonyeza mlangoni mmoja mmoja, wote wakasema, "Chekundu hasa!"

Mzee Simoni alichelewa, akapitia uani. "Kiti kizuri, Mama Raheli," akasema, "ila mbona mmekipaka weusi?"



Mama akanigeuzia uso. "Raheli, ni cheusi?"

Nikashindwa kudanganya mara ya pili. "Ndiyo, mama."

Akainama taratibu kuelekea mkono wa kiti, kama mtu anayesoma.

"Siku hizi naona weusi tu. Basi mwandikie Chediel," akasema. "Nimekiona."

Dada yako, Raheli