Siku Kumi za Kumwangalia Sukari

Jumatatu, 1 Septemba

Nimemtoa mbwa wangu Sukari kupe baada ya kazi. Wamejaa masikioni, wengine katikati ya vidole. Kila mmoja ndani ya kopo la mafuta ya taa. Alitulia, kichwa juu ya goti langu. Posho, ugali wa hapa Uganda, na vichwa vya samaki. Yeye kwanza, mimi baadaye.

Dukani siku nzima sikuongea na mtu, ila kusema hakuna vipuri. Redio mbovu zimefika hadi dirishani. Tangu Wahindi wafukuzwe nchini, hakuna wa kuagiza hata waya. Mke wangu Wakesho na watoto wana mwaka sasa huko kwetu Voi. Niliwapandisha treni mimi mwenyewe, nikabaki kwa ajili ya kazi. Kazi yenyewe ndiyo hii.

Nikimwita mbwa barabarani watu hugeuka, wakidhani sukari imefika dukani. Leo nimecheka kwa hilo tu.

Jumatano, 3 Septemba

Sukari amemuuma mtoto.

Ni Ayiko, binti wa Koplo Drani wa nyumba ya chini. Ana miaka sita hivi. Alikatiza uani kama kawaida yake, akamkuta mbwa anatafuna mfupa, akaunyakua. Meno yameingia kwenye shavu la mguu. Nilimwosha kwa maji mengi na sabuni, kipande changu cha mwisho, mpaka kikaisha. Mtoto hakulia sana.

Baba yake alikuja na bunduki. Mtu wa Arua, mrefu, hasalimii. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikigeuza uso nikimwona.

"Fundi, mbwa yako nauma mtoto yangu. Toa yeye nje."

Nilisimama mlangoni. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikamwambia akimuua leo hatutajua kama ana kichaa. Twende kwanza kwa daktari wa mifugo. Aliteremsha bunduki, kisha akashuka kwake.

Sukari alichanjwa mara ya mwisho na daktari wa mifugo wa Kihindi, kabla hawajaondoka. Ni zamani sana. Nilipaswa kutafuta mwingine.

Alhamisi, 4 Septemba

Tulikwenda wote watatu, mtoto mgongoni kwa baba. Hospitali haina sindano za kichaa cha mbwa. Labda wiki ijayo. Labda.

Daktari wa mifugo ni kijana mpole. Alisema mbwa asiuawe. Afungwe, apewe chakula na maji, aangaliwe siku kumi tangu alipouma. Akifika siku ya kumi akiwa mzima, mtoto hana la kuogopa. Akibadilika, akashindwa kumeza, akatokwa na mate, akawa mkali au akazubaa, basi sindano zitafutwe popote, hata Nairobi.

Tulipofika kwangu Drani akasema bila kupaza sauti, "Kama mtoto nakufa, fundi, wewe pia."

Namwamini.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimemfunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya jiko. Hajazoea. Analia kama mtoto. Anakula, anakunywa.

Drani alikuja jioni. Akachuchumaa mbali kidogo, akamtazama mbwa akinywa maji mpaka bakuli likawa tupu. Akaondoka.

Jumapili, 7 Septemba

Amekuja tena. Leo nilimpa kiti. Chai bila sukari. Akasema chai ya namna hii ni ya hospitali. Nikasema sukari iko, imefungwa pale kwenye nguzo. Akageuka kumtazama mbwa, kisha akacheka. Sikujua kama ana meno.

Akaniuliza watoto wangu wako wapi. Nilimweleza. Yeye naye ana mama yake Arua, hajamwona tangu aingie jeshini. Anasema kambini siku hizi watu hawakai pamoja kula. Kila mtu na sahani yake, mgongo ukutani. Kisha akainuka, kama aliyesema kupita kiasi.

Baada ya yeye kuondoka nyumba ilikuwa kimya kuliko siku nyingine.

Jumanne, 9 Septemba

Sukari hajala. Asubuhi alinusa posho akageuka. Mchana nilifunga duka, nikarudi. Bado. Amelala, macho mazito, mate kidogo pembeni mwa mdomo.

Nilifikiria kutomwambia Drani. Nilifikiria kukimbilia stesheni. Kisha nikamfikiria mtoto, nikashuka kwake na kumwambia.

Hakufoka. Alipanda nami, akakaa kwenye kile kiti, mikono juu ya magoti, hadi giza likaanza kuingia. Naogopa. Sijui naogopa zaidi kwa ajili ya nani.

Jumatano, 10 Septemba

Ametapika! Kipande cha ngozi ya kiatu, kikubwa kama kiganja, kiatu changu mwenyewe cha zamani. Kisha akanywa bakuli zima, akadai chakula.

Nikashuka mbio. Drani alikuwa ananyoa ndevu. Akapanda na povu usoni kuitazama ile ngozi. Akaigeuza kwa kijiti. Akasema, "Naona njaa, nakula kiatu kama sisi," kisha akanishika bega. Hakuna mtu aliyenigusa tangu Wakesho aondoke. Nimeaibika kuona machozi yananilenga.

Ijumaa, 12 Septemba

Mbwa mzima kabisa. Niliweka viti viwili nje. Drani hakuja.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya kumi. Sukari amekula, amekunywa, amebweka hadi sauti ikakauka. Nimemfungua. Akazunguka ua mara tatu, akarudi kulala pale pale kwenye nguzo.

Nilishuka kupeleka habari. Mama Ayiko alikuwa amekaa sakafuni katikati ya vyombo. Mumewe walimchukua jana mchana. Watu wa kambi yake mwenyewe, gari lisilo na namba. Aliondoka na malapa miguuni. Mmoja wao, anasema, alikula hapa kwao Idi iliyopita.

Nilimwambia mbwa ni mzima, mtoto atakuwa salama. Akasema asante. Nilijiona mjinga kuleta habari njema.

Jumatatu, 15 Septemba

Asubuhi tuliulizia kambini, mimi na Mama Ayiko. Askari wa getini alisema hamjui mtu wa jina hilo. Alisema bila kututazama. Tukarudi.

Jioni Mama Ayiko amepanda hadi kwangu, mara ya kwanza. Alisimama nje ya ua.

"Baba Ayiko alinieleza huyu mbwa anabweka akiona mgeni. Niazime. Mlango wangu hauna komeo, na watoto hawalali."

Nikamuuliza kama mtoto hataogopa. Akasema mtoto ndiye aliyemtuma.

Nimemshusha Sukari mwenyewe. Nimewaonyesha anavyopenda posho yake, iwe imepoa, na kwamba asisumbuliwe anapokula. Ayiko alisimama mbali, mikono nyuma, akisikiliza vizuri. Nimetia komeo kwenye mlango wao. Mbwa alitaka kunifuata. Nikamwambia kaa. Akakaa.

Nimepika kidogo. Nimekula mezani, peke yangu. Huko chini Sukari amebweka mara moja, kisha akatulia.