Mama Alivyosimama Mahakamani

Ijumaa, Ilomba

Na bado nacheka peke yangu! Leo nimesimama mahakamani kwa mara ya kwanza kama wakili, na Mama alifunga genge lake la viazi pale Uyole ili aje kunisikiliza.

Nilikuwa namtetea mjane wa Rujewa ambaye mashemeji zake wanataka kuuza shamba lake la mpunga. Kwa woga nilifungua faili kichwa chini. Hakimu akanigeukia: "Wakili msomi, endelea."

Kabla sijafungua mdomo, Mama huyo kasimama kule nyuma. "Ndaga fijo, asante mheshimiwa! Kasoma kweli huyu, nimemsomesha kwa viazi!"

Watu wakaangua kicheko, hakimu naye. Nilitamani niingie chini ya meza. Nilimkasirikia Mama, lakini ajabu, woga wote uliniisha nikaongea. Hakimu kaamuru: shamba haliuzwi mpaka kesi isikilizwe! Hiyo kesi yenyewe naiogopa, nisidanganye. Ila leo...

Tulipotoka nje nikamweleza Mama kwamba mawakili wote huitwa wasomi, hata yule wa mashemeji.

Akanikodolea macho. "Wote? Sasa mbona mama yake hakusimama?"